Mji Ulioliwa na Bahari na Wafu Wasio na Makaburi: Visakale vya Kisimani na Kua, Kisiwani Mafia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza visakale vinavyohusu miji miwili mahame ya funguvisiwa la Mafia: Kisimani, ambao sehemu yake kubwa imemegwa na bahari, na Kua, ambao magofu na makaburi yake yangali yamesimama katika kisiwa cha Juani. Kwa kawaida visakale hivi hushughulikiwa kwa njia mbili: ama kama historia iliyopotoka, ama kama ushirikina unaozunguka magofu. Makala yanadai kwamba njia zote mbili huacha kando jambo la msingi. Visakale vya Kisimani na Kua ni masimulizi kuhusu wafu ambao hawakuzikwa, na mantiki yake huonekana katika msamiati wa Kiswahili wenyewe, hasa neno mzimu, ambalo hutaja roho na mahali kwa pamoja. Ulinganisho unafanywa na makaburi ya Kaole na Tongoni, na vilevile na taswira ya magofu katika utenzi wa Al-Inkishafi.

1.0 Utangulizi

Mwambao wa Afrika Mashariki una miji mahame mingi kiasi kwamba lugha yenyewe imejiwekea neno la kuitaja. Mahame ni mahali palipohamwa. Neno hilo halisemi nani alihama wala kwa nini. Linasema tu kwamba watu walikuwapo, nao hawapo. Pengo hilo la maelezo ndilo linalojazwa na visakale. Karibu kila gofu la mawe kuanzia Lamu hadi Kilwa lina simulizi yake inayoeleza kosa lililotendwa, adhabu iliyofuata, na wakazi wasioonekana ambao wangali wanalinda mahali hapo.

Wanahistoria na wanaakiolojia wameyapokea masimulizi ya aina hii kwa tahadhari. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua Gede mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni mwa kazi yake alihisi kama kuna mtu anayemtazama kutoka nyuma ya kuta. Hata hivyo, katika ripoti zake hisia hiyo ilibaki kuwa kionjo cha pembeni. Historia ya Gede aliijenga kwa vigae, sarafu, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 Miladia. Mgawanyo huo wa kazi, yaani vigae kwa mwanahistoria na mizimu kwa wenyeji, umeendelea kwa muda mrefu, na umezaa dhana kwamba simulizi za mizimu hazina la kumfunza mtafiti isipokuwa kumwonesha woga wa wasimulizi.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kutumia mfano wa Mafia. Hayadai kwamba visakale vya Kisimani na Kua ni kumbukumbu sahihi ya matukio. Kinyume chake, sehemu ya tatu inaonesha kwamba baadhi ya matukio yake ya msingi ni vijenzi vinavyosafiri kutoka jamii moja hadi nyingine. Hoja ni kwamba visakale hivi huhifadhi aina nyingine ya ukweli: daftari la madeni ambayo jamii inaamini kwamba haijayalipa kwa wafu wake.

2.0 Miji miwili na mahame mawili

Mafia iko kusini mwa Dar es Salaam, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Kisiwa kikubwa kimezungukwa na visiwa vidogo, vikiwamo Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Mji wa Kisimani ulikuwa katika rasi ya magharibi ya kisiwa kikubwa, mahali panapoitwa Ras Kisimani. Mji wa Kua ulikuwa Juani, upande wa pili wa funguvisiwa.

Uchimbuzi wa Neville Chittick, uliochapishwa mwaka 1961, uliithibitisha Kisimani kuwa makazi ya Kiislamu ya karne za kati, yenye msikiti na mabaki ya biashara ya ng’ambo. Sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, mtawala anayehusishwa na kuanzishwa kwa usultani wa Kilwa, zimepatikana hapo na kuonesha uhusiano wa karibu wa miji hiyo miwili. Uhusiano huo unatajwa pia katika Habari za Kilwa, ambamo Mafia imo katika milki ya watawala wa mwanzo. Lakini mji wenyewe hauonekani tena. Rasi ni ya mchanga, na mkondo wa maji umeimega kidogo kidogo. Kilichobaki ni vigae vinavyooshwa na mawimbi, sarafu zinazookotwa ufukweni baada ya maji kupwa, na kumbukumbu ya kisima kilichoupa mji jina lake.

Kua ni tofauti. Kuta za jumba, misikiti na makaburi yake zingali zimesimama katikati ya miti, na magofu yanayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni ya karne ya 18. Mji huo haukuliwa na bahari. Uliangushwa na watu waliotoka baharini. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska waliushambulia kwa kundi kubwa la mitumbwi, wakaua baadhi ya wakazi na kuwachukua wengine mateka. Walionusurika walihamia Chole, kisiwa cha jirani, ambacho baadaye kilikuwa makao ya utawala wa Waomani na kisha wa Wajerumani, hadi makao hayo yalipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913.

Kwa hiyo historia ya Mafia inaweza kusomwa kama mfululizo wa mahame. Kila kituo kipya cha mamlaka kiliacha nyuma yake kituo kingine kilicho kitupu, na kila kituo kitupu kiliacha makaburi. Tofauti ni kwamba makaburi ya Kua yangali yanaonekana, ilhali ya Kisimani yamekwenda na ardhi iliyoyabeba.

3.0 Visakale na safari za vijenzi

Visakale vinavyohusu miji hii vimeandikwa mara kadhaa tangu wakati wa ukoloni, na matoleo yake hutofautiana katika mambo madogo. Kiini chake ni matukio matatu.

Tukio la kwanza ni la mkono wa mwashi. Mtawala wa Kisimani alijengewa jumba zuri kuliko yote. Kazi ilipokamilika, aliamuru mkono wa mwashi mkuu ukatwe ili asiweze kumjengea mtu mwingine jumba mfano wa lile. Baada ya miezi michache bahari ikapanda na kuugharikisha mji. Tukio la pili ni la kushua jahazi. Watu wa Kisimani walikuwa wameunda chombo, wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kukishua. Katikati ya shangwe, watoto wa Kua walikamatwa, wakalazwa mchangani mbele ya chombo, kikapitishwa juu ya miili yao. Tukio la tatu ni la kisasi. Watu wa Kua walinyamaza kwa miaka kadhaa, kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini. Karamu ilifanywa katika chumba kilicho chini ya nyumba. Wenyeji walitoka mmoja mmoja hadi akabaki mzee mmoja, ambaye aliwatumbuiza wageni kwa ustadi kiasi kwamba hawakutambua kuwa mlango ulikuwa ukijengewa ukuta. Simulizi huishia kwa kusema kwamba wageni wangali humo.

Mtafiti anayetafuta matukio halisi atakwama mapema. Kisakale cha fundi aliyelemazwa baada ya kumaliza kazi yake bora kinajulikana mahali pengi duniani. Kinasimuliwa kuhusu Taj Mahal ya Agra, na kuhusu Kanisa la Mtakatifu Basili la Moscow, ambako inasemekana Ivan wa Nne aliwapofusha wajenzi. Katika mifano yote miwili hakuna ushahidi wa wakati huo unaothibitisha kitendo hicho. Chombo kinachoshuliwa juu ya miili ya watu kinapatikana katika masimulizi ya Skandinavia ya kale na katika habari za Fiji za karne ya 19. Karamu ya hila nayo si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Katika utenzi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhammad Kijumwa, kikoa cha kula makoma ndicho kinachofanywa mtego wa kumwua shujaa. Jamii ya mwambao imekuwa ikijua kwa muda mrefu kwamba meza ya chakula, ambayo ni ishara ya juu kabisa ya umoja, ndiyo pia mahali panapofaa zaidi kwa usaliti.

Ugumu mwingine ni wa wakati. Ustawi wa Kisimani ni wa karne za kati, ilhali Kua inayoonekana leo ni ya karne ya 18 kwa sehemu kubwa. Kisakale kinaikalisha miji hiyo katika karamu moja kama majirani wa rika moja. Vivyo hivyo, mmomonyoko uliochukua vizazi vingi umefinywa ukawa gharika ya miezi michache baada ya mkono kukatwa. Jan Vansina alikwisha kuonesha kwamba mapokeo simulizi hufupisha nyakati hasa pale yanapotaka kueleza chanzo cha hali iliyopo. Katika kisakale cha Kisimani ufupishaji huo una kazi mahususi: unafanya bahari iwe hakimu. Bahari inayomega ufuko kwa karne tatu ni jambo la maumbile tu; bahari inayofika kabla kidonda cha mwashi hakijapona ni hukumu.

Je, kwa kuwa vijenzi vinasafiri, visakale vya Mafia havina jambo la Mafia? Jibu la makala haya ni hapana. Kijenzi kinachosafiri hakitui kila mahali. Kinapotua na kudumu, kinakuwa kimekuta swali ambalo jamii ile inajiuliza. Kazi ya mtafiti si kuthibitisha kama mkono ulikatwa, bali kuuliza kwa nini Mafia ilihitaji simulizi tatu zinazofanana katika jambo moja. Mwashi hupoteza kiungo ambacho hakizikwi pamoja naye. Watoto wanasagwa chini ya chombo. Wageni wanafungiwa wakiwa hai. Hakuna hata mmoja kati yao anayepata kifo kinachofuatwa na mazishi.

4.0 Mzimu kama mahali: ushahidi wa lugha

Kabla ya kulifafanua jambo hilo, inafaa kuutazama msamiati. Katika Kiswahili viumbe visivyoonekana vina majina mengi, nayo hayana uzito mmoja. Jini na pepo ni maneno yanayotaja nafsi. Husemwa pepo amempanda mtu au jini amemkamata mtu, na upatanisho wa kisarufi ni ule wa viumbe wenye uhai. Mzimu huenda njia nyingine. Katika matumizi ya kawaida hubaki katika ngeli ya U-I: mzimu umekasirika, mizimu imeamka. Kitu kinachoweza kukasirika na kuamka kimenyimwa upatanisho wa wenye uhai na kuwekwa pamoja na mti, mto na mlima.

Ngeli hiyo ni urithi wa Kibantu cha kale, ambamo shina -dimu katika ngeli hiyohiyo lilitaja roho za wahenga. Lakini Kiswahili kimeongeza jambo jingine. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inalieleza neno mzimu kama mahali pa kutolea sadaka na kuomba kwa roho za wafu, kama vile pango au mti. Maana ya roho yenyewe na maana ya mahali inapokaa zimebebwa na umbo moja. Mtu anaweza kwenda mzimuni kama anavyokwenda kisimani au shambani. Kutoka shina hilohilo limetokea kuzimu, lenye kiambishi cha mahali, kwa maana ya makao ya wafu. Na limetokea pia wazimu, hali ya mtu aliyeondokewa na akili.

Ukweli huu wa kileksia una uzito katika kusoma visakale vya magofu. Msomaji anayetarajia kwamba simulizi ya mizimu lazima iwe na kivuli cheupe kinachotembea usiku atasema kwamba kisakale cha chumba cha Kua si simulizi ya mizimu hata kidogo, kwani hakuna anayetokea. Wageni wamekaa palepale walipofungiwa. Lakini kwa mantiki ya neno mzimu, hilo ndilo hasa linaloifanya kuwa simulizi ya mizimu. Kinachotisha ni kutoondoka, wala si kutokea. Sentensi ya mwisho ya kisakale, yaani kwamba wageni wangali humo, inaligeuza gofu kutoka mahame kuwa makao. Mahali palipodhaniwa kuwa patupu pana wenyewe.

Vitenzi vinavyotumika kueleza maangamizi ya mji navyo vinastahili kuangaliwa. Kiswahili kinampa msimulizi njia kadhaa, na kila njia ni uamuzi. Akisema mji ulizama, hamtaji mtenda, na mji unakuwa kama chombo kilichopata ajali. Akisema uligharikishwa, umbo la kutendeshwa na kutendwa linadai kuwapo kwa anayegharikisha, na msikilizaji aliyelelewa katika visa vya Nabii Nuhu na Firauni hahitaji kutajiwa jina. Akisema bahari imeula mji, bahari yenyewe inakuwa mtenda, tena mwenye njaa, na njama ya hukumu inalegea. Na kitenzi meguka, ambacho mvuvi hukitumia kwa ufuko anaouona ukipungua kila mwaka, hakimlaumu yeyote. Kwa hiyo swali la kama Kisimani ilikufa kwa dhambi au kwa mchanga hujibiwa ndani ya kitenzi, kabla hata hoja haijatolewa. Ni hasara kubwa kwamba matoleo yanayonukuliwa mara nyingi ya visakale hivi yameandikwa kwa Kiingereza, na vitenzi vya wasimulizi vimepotea humo.

5.0 Wafu wasiozikwa

Katika jamii ya Waswahili kifo ni jambo la hatua. Maiti huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa, huzikwa. Na kila hatua ni faradhi iliyo juu ya jamii nzima, ambayo huwaondokea wote pale baadhi yao wanapoitekeleza. Ikiwa hakuna aliyeitekeleza, deni linabaki kwa wote. Baada ya mazishi hufuata hitima na siku za maombolezo, hadi wafiwa wanaporejea katika shughuli zao. Kaburi ndilo linalofunga hesabu hii. Linamwambia aliye hai mahali pa kusimama anapomwombea marehemu, na linampa marehemu mahali pa kuwa.

Mwambao una mifano inayoonesha kwamba maji peke yake hayazai hofu. Huko Kaole, kusini kidogo mwa Bagamoyo, miongoni mwa makaburi ya mawe yaliyo karibu na misikiti mahame lipo kaburi la mume na mke ambao inasimuliwa walikufa maji. Kaburi hilo halikwepwi. Watu wanalizuru kama ishara ya mapenzi yaliyodumu, na jirani yake lipo kaburi la Sharifa ambalo watu wameliendea kwa dua na nadhiri. Tongoni, karibu na Tanga, kwenye makaburi mengi yenye nguzo, wenyeji nao wamekuwa wakiweka sadaka. Wafu hawa wana nguvu, lakini nguvu yao ni ya baraka, na sababu inaonekana: wana makaburi. Wale wa Kaole walipotea baharini, lakini miili yao ilirudishwa, ikaoshwa na kuzikwa. Hesabu ilifungwa.

Kaole inafaa kulinganishwa na Kisimani kwa sababu nyingine pia. Huko bahari ilirudi nyuma, mikoko ikaota katika bandari ya zamani, na mji ukafa kwa kukosa maji. Kisimani ilikufa kwa kuyapata mno. Katika mji wa kwanza makaburi yaliachwa nchi kavu na kuendelea kuzuriwa. Katika mji wa pili yalichukuliwa. Inafaa kukumbuka hapa kwamba upotevu wa makaburi ni kifo cha pili, kwa kuwa unawapokonya wafu hata wale waliokuwa wamezikwa kwa haki. Jambo hili si la Mafia peke yake. Dunwich, bandari ya Uingereza iliyopigwa na dhoruba kubwa za 1286 na 1328 na kuendelea kumegwa kwa karne nyingi, ilishuhudia kanisa lake la mwisho la zamani likiporomoka kutoka ukingoni mwanzoni mwa karne ya 20, na mifupa ya makaburini ikichomoza kwenye gema. Kisakale kinachosimuliwa huko ni cha kengele zinazosikika chini ya mawimbi. Kila jamii imejibu kwa kile ilichokuwa nacho: pale wito wa ibada unaendelea kulia, Mafia wafu wanabaki mahali pao.

Hapa inajitokeza hitilafu ambayo haiwezi kupitwa bila kutajwa. Kwa mujibu wa hadithi mashuhuri ya Mtume, aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo wanahesabiwa miongoni mwa mashahidi. Kwa mafundisho ya dini, basi, watu wa Kisimani waliofunikwa na bahari wangepaswa kuwa katika daraja ya heshima. Kisakale kinakwenda kinyume: kinawafanya waliogharikishwa kuwa wenye hatia, na waliofungiwa ukutani kuwa wafu wasiotulia. Hitilafu hiyo haitokani na ujinga wa dini. Mafundisho yanazungumzia hali ya marehemu mbele ya Mola wake. Kisakale kinazungumzia hali ya walio hai mbele ya marehemu. Shahidi anaweza kuwa amestarehe huko aliko, na bado deni la kumzika likabaki kwa waliomwacha.

Kwa mtazamo huu, mpangilio wa matukio matatu unapata maana. Kosa la kwanza ni la mtawala dhidi ya mfanyakazi wake. La pili ni la mji dhidi ya watoto wa mji mwingine. La tatu ni kisasi kinachowafanya waliodhulumiwa kuwa madhalimu. Msemo wa mwambao husema malipo ni hapa hapa duniani, lakini kisakale cha Kua hakiishii katika faraja hiyo. Malipo yalilipwa, na bado hesabu haikufunga, kwa sababu waliolipishwa hawakuzikwa. Kua nayo ikaja kuangamia. Kihistoria, walioiangamiza ni Wasakalava, watu wa nje. Kisakale cha ukuta kinaweka karibu na tukio hilo swali lisiloelekezwa nje: mji huu ulikuwa umebeba nini chini ya sakafu zake? Simulizi mbili za gofu moja hazishindani. Moja inaeleza nani aliyeuvunja mji, na nyingine inakataa kuwaacha wenyeji wajione kuwa walikuwa wahanga tu.

6.0 Magofu ya malenga na magofu ya wasimulizi

Upekee wa visakale hivi unaonekana zaidi vikilinganishwa na utenzi mashuhuri kuliko yote kuhusu magofu ya Waswahili. Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19, unatumia uharibifu wa mji wa Pate kuionya nafsi. Majumba yaliyong’aa kwa taa yamekuwa makazi ya popo na ndege, buibui wametanda, na wenye majumba wamo makaburini, miili yao ikiliwa na wadudu. Ni taswira inayotisha, na katika utisho wake wote hakuna mzimu. Wafu wa Pate wamekwenda. Ukimya wa majumba yao ndio mawaidha yenyewe. Kama wangekuwa wangali humo, hoja ya mshairi ingeanguka, kwa kuwa anataka kuonesha kwamba dunia haimweki mtu.

Al-Inkishafi na visakale vya Mafia, ambako Kua iliangamizwa karibu na kipindi hichohicho cha utenzi, vinatoa nadharia mbili za gofu. Kwa malenga mwanachuoni, gofu ni tupu, na utupu wake unawaelekeza watazamaji Akhera. Kwa msimulizi wa kisakale, gofu limejaa, na ujazo wake unawarudisha watazamaji kwenye matendo yaliyofanywa mahali hapo. Ya kwanza inauliza kila mtu kuhusu nafsi yake, na jibu lake ni toba. Ya pili inauliza jamii kuhusu jamii, na jibu lake ni la pamoja: sadaka, ziara, tahadhari, au kukubali tu kwamba kuna jambo halijamalizika. Tofauti nyingine ni ya tabaka. Majumba ya Al-Inkishafi ni ya matajiri na yanaombolezwa kama majumba ya matajiri. Kisakale cha Kisimani kinaanza na jumba hilohilo, lakini kinalitazama kutoka upande wa aliyelijenga. Ni nadra katika maandishi ya kale ya mwambao kumkuta mwashi akiwa kiini cha historia ya mji. Hapa mkono wake mmoja una uzito wa kutosha kuuzamisha mji mzima.

Kwa utaratibu wa uainishaji wa M.M. Mulokozi, simulizi hizi zingewekwa katika salua, tanzu ya masimulizi ya kihistoria, chini ya visakale. Uainishaji huo unafaa, ila unahitaji nyongeza. Salua kwa kawaida huchukuliwa kuwa habari za yaliyopita. Kisakale cha mzimu kinahusu yaliyopita ambayo yangali yapo, na ushahidi wake haupo katika nasaba wala tarehe, bali katika mahali ambapo msikilizaji anaweza kupelekwa na kuoneshwa. Ukiondoa mahali, simulizi inabaki ngano.

7.0 Hitimisho

Hoja hiyo ya mwisho ina matokeo ya kivitendo. Mahali panapotegemewa na visakale hivi panapungua. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, katika eneo ambalo vimbunga ni nadra, ingawa si vigeni kabisa kwenye mwambao huu: kile cha Aprili 1872 kiliiharibu vibaya Zanzibar, na kingine kiliipiga Lindi mwaka 1952. Ufuko wa Ras Kisimani hauhitaji hata kimbunga. Mkondo wa kila siku unatosha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu. Haikuundwa kulinda sababu inayomfanya mtu apite mbali na chumba fulani, wala kitenzi anachokichagua anapoeleza mji ulivyokwenda.

Kutokana na uchambuzi huu, kazi mbili zinajitokeza kwa watafiti wa fasihi simulizi. Ya kwanza ni kukusanya matoleo ya visakale vya Kisimani na Kua kwa Kiswahili cha Mafia chenyewe, yakiwa na maneno ya wasimulizi bila kusanifishwa, kwani imeoneshwa kwamba hukumu ya simulizi imo katika uteuzi wa vitenzi. Ya pili ni kuacha kuzitenga simulizi za mizimu na historia ya miji. Vigae vya Kisimani vinaeleza mji ulifanya biashara na nani. Havielezi ni nani waliobeba mawe, ni watoto wa nani waliolipia fahari ya jahazi, wala ni wageni wangapi ambao hakuna aliyewasalia. Mapokeo yamelijibu swali hilo kwa njia yake, kwa kukataa kuuita mji huo mahame.